Mkono wa Mkunga: Elimu Inayopokewa kwa Vitendo, Tangu Madina hadi Nachingwea na Ruangwa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), aliyemuumba mwanadamu katika tumbo la mama yake hatua baada ya hatua, akamsahilishia njia ya kutokea. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata uwongofu wao. Ama baad.

Ndugu msomaji, katika mwaka 2007 watafiti wa afya walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za kusini mwa Tanzania: Nachingwea, Ruangwa, Lindi Vijijini, Newala na Tandahimba. Walifika katika kaya zipatazo 226,000, wakauliza juu ya wanawake waliofariki kwa sababu ya mimba na uzazi katika miaka ya karibu. Walichokikuta kinaumiza moyo. Kwa kila watoto hai 100,000 waliozaliwa, wanawake 712 walikuwa wamefariki. Kwa wale waliokaa zaidi ya kilomita 35 kutoka hospitali, idadi ilifika 1,111.

Mtu atasema: tatizo ni umbali, basi tujengewe hospitali. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijatimia. Kwani hata wale waliokaa ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, idadi yao ilikuwa 664. Mwanamke anaisikia kengele ya hospitali kutoka uani kwake, na bado anakufa. Hapo ndipo inapodhihiri kuwa majengo peke yake hayazalishi. Anayezalisha, kwa idhini ya Allah, ni mkono unaojua. Na mkono unaojua haununuliwi dukani wala haujengwi kwa saruji, bali unafundishwa.

Makala hii inakusudia kuitazama historia ya elimu hiyo: namna Waislamu wa mwanzo walivyoipokea, namna maulamaa walivyoieleza, namna ilivyoingia katika nyanda zetu za Mtua, Nachingwea na Ruangwa, na wajibu uliotufikia sisi maimamu, walimu wa madrasa na wazazi.

WANAWAKE WA MADINA NA KAZI YA MIKONO

Wapo wanaodhani kuwa mwanamke wa Kiislamu kufanya kazi ya tiba ni jambo lililoletwa na wakoloni. Historia inawakatalia. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Rubayyi' bint Mu'awwidh (R.A.) kwamba wao wanawake walikuwa wakitoka na Mtume (S.A.W.) vitani, wakiwanywesha watu maji, wakiwatibu majeruhi na kuwarudisha Madina waliouawa. Imam Muslim naye amepokea kutoka kwa Umm Atiyya al-Ansariyya (R.A.) kwamba alitoka na Mtume katika vita saba, akipika chakula, akitibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Na Rufayda al-Aslamiyya (R.A.) ndiye ambaye hema lake lilitumika kumtibia Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, na hema hilo lilipigwa katika msikiti wa Mtume mwenyewe.

Ama ukunga hasa, vitabu vya wasifu wa masahaba vinamtaja Salma (R.A.), mke wa Abu Rafi'. Yeye ndiye aliyempokea Ibrahim, mtoto wa Mtume (S.A.W.), na mumewe Abu Rafi' ndiye aliyempelekea Mtume bishara ya kuzaliwa kwake. Wanahistoria hawakuona haya kuliandika jina la mkunga pamoja na majina ya wapokezi wa hadithi na mashujaa wa vita.

Hapa kuna nukta ambayo wanafunzi wa elimu wanapaswa kuizingatia. Umm Atiyya (R.A.) ndiye aliyeshiriki kumuosha binti wa Mtume alipofariki, na Mtume mwenyewe ndiye aliyewaelekeza: waanze kuliani, waoshe kwa witri, watumie maji na mkunazi. Baadaye alihamia Basra. Masahaba na tabi'ina waliokuwa huko, miongoni mwao Muhammad bin Sirin, walikuwa wakichukua kwake elimu ya kuosha maiti. Hao walikuwa maulamaa wakubwa, na riwaya walikuwa nazo. Kwa nini basi wamwendee mwanamke huyu? Kwa sababu yeye alifanya kwa mikono yake chini ya maelekezo ya Mtume. Kuna elimu ambayo riwaya hukuonesha mlango wake tu, na kuingia ndani kunahitaji aliyekwisha kuingia akushike mkono.

IBN KHALDUN NA MALAKA

Aliyelifafanua jambo hili kwa ukamilifu ni Ibn Khaldun (aliyefariki mwaka 808 Hijria, sawa na 1406 Miladia). Katika Muqaddima, kitabu alichokiandika mwaka 1377, ameweka mlango mzima juu ya ukunga, akiuhesabu kuwa ni katika kazi za lazima katika umma, kwa kuwa uhai wa mwanadamu unaupitia. Anaeleza namna mkunga anavyomsaidia mama wakati wa uchungu, namna anavyoutazama mwili wa mtoto ambao mifupa yake bado ni laini, na namna anavyolishughulikia kondo la nyuma. Anatahadharisha kwamba likibaki ndani huoza, na madhara yake yanaweza kumfikisha mama kwenye kifo. Kisha anasema jambo ambalo lingewashangaza wengi: kwamba katika maradhi ya mtoto mchanga mpaka kuachishwa ziwa, wakunga wana uoni mkubwa kuliko tabibu hodari.

Lakini kabla ya mlango huo, Ibn Khaldun ametangulia kueleza maana ya kazi ya ufundi. Anasema kuwa ufundi ni malaka, yaani uwezo unaokita ndani ya nafsi kwa kulikariri tendo mara baada ya mara, mpaka sura yake ithibiti. Na kwa kuwa ufundi ni jambo la kutendwa, kuupokea kwa kuona kwa macho ni kukamilifu zaidi kuliko kuupokea kwa maelezo. Na kadiri mwalimu alivyo bora, ndivyo malaka ya mwanafunzi inavyokuwa.

Sisi tuliokaa mbele ya masheikh kusoma Qur'ani tunalielewa hili vizuri. Hakuna aliyejua makhraji ya "dhadi" kwa kusoma kitabu cha tajwidi peke yake. Mwanafunzi hukaa mbele ya sheikh, akasoma, akasahihishwa, akarudia, akasahihishwa tena, mpaka ulimi ukazoea. Huo ndio upokezi wa ana kwa ana, na ndiyo maana tukawa na ijaza na silsila. Basi ukunga una talaqqi yake pia, ila badala ya ulimi ni vidole.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Mwanafunzi wa ukunga hufundishwa kupapasa tumbo ili ajue kichwa cha mtoto kiko wapi na mgongo umeelekea upande gani. Hufundishwa kutega sikio kwenye kile kipembe kinachosikilizia mapigo ya moyo wa mtoto na kuyahesabu. Hufundishwa kupima kwa vidole viwili mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, mpaka zitimie kumi, na hapo haoni kitu, vidole ndivyo macho yake. Hufundishwa kuandika maendeleo ya uchungu katika karatasi ya patografu ili ajue mapema kama uzazi umekwama. Hufundishwa kukizuia kichwa kisitoke kwa kishindo, kutoa kondo la nyuma, kuusugua mfuko wa uzazi ujikaze damu isimwagike, na kumpumulisha mtoto asiyelia kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Nani atayajua haya kwa kuyasoma tu? Mwenye kusoma ukurasa mzima juu ya mfuko wa uzazi uliolegea, na hajawahi kuugusa ulegevu huo kwa kiganja chake, siku damu ikimwagika atasimama akitafuta ukurasa.

WALIYOYASEMA MAFUKAHAA

Mafukahaa wetu waliujua uzito wa mkono huu, wakaujengea hukumu.

Kwanza, katika ushahidi. Wamekubaliana kuwa mambo ambayo kwa kawaida wanaume hawayaoni, kama uzazi, hukubaliwa ndani yake ushahidi wa wanawake peke yao. Kisha wakatofautiana idadi: Imam Shafi'i amehitaji wanne, Imam Malik wawili, na kwa Imam Ahmad mkunga mmoja muadilifu anatosha, na Imam Abu Hanifa naye amemkubali mmoja katika kuthibitisha uzazi. Nasaba, mirathi na eda za watu ziliegemezwa katika kauli ya mwanamke aliyekuwepo pale mtoto alipotoka.

Pili, katika suala la mama aliyefariki na mtoto tumboni anacheza. Wanavyuoni wa Kishafi'i wamesema tumbo lipasuliwe iwapo kuna matarajio ya mtoto kuishi. Ama Ibn Qudama (aliyefariki 620 Hijria) katika al-Mughni ameeleza kauli ya Kihanbali kwamba tumbo halipasuliwi, bali wakunga ndio watakaoingiza mikono wamtoe. Zitazame kauli zote mbili: hii imetegemea kisu na ile imetegemea mkono wa mkunga, na zote zimechukulia kuwa yupo mtu anayejua kazi yake.

Tatu, katika ibada. Wanavyuoni wa Kihanafi wamemruhusu mkunga kuichelewesha Swala na wakati wake ikiwa anachelea mtoto atakufa. Wamemfananisha na mwenye udhuru mkubwa, kwa kuwa uhai ukipotea haurudishwi, na Swala hulipwa.

Nne, na hii ndiyo nzito zaidi, katika dhamana. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea hadithi ambayo maana yake ni kwamba mwenye kujitia kutibu, naye kabla ya hapo hakujulikana kuwa na ujuzi wa tiba, basi yeye ni mdhamini. Ibn al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria) ameisherehesha katika Zad al-Ma'ad, akawagawa matabibu mafungu. Aliye stadi, aliyeruhusiwa, akaitimiza haki ya kazi yake na mkono wake usivuke mpaka, hadhamini hata madhara yakitokea. Lakini mjinga aliyejitia ujuzi akamdanganya mgonjwa, huyo ni mdhamini. Kwa lugha nyepesi, nia njema haiwi badala ya ujuzi. Mtu hawezi kusema, "Mimi nilitaka kumsaidia tu," akaachwa aende zake na mama wa watu amelala kaburini.

Tano, Imam Ghazali (aliyefariki 505 Hijria) ameihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya: wakiisimamia wa kutosha, wengine wameokoka, na wakiiacha wote, wote wamepata dhambi. Kisha katika kitabu cha elimu ndani ya Ihyaa akawakemea wanafunzi wa zama zake. Anastaajabu kwamba kuna miji ambayo haina tabibu isipokuwa asiyekuwa Mwislamu, na hakuna anayejishughulisha na tiba, ilhali watu wanasongamana katika fiq'hi, hasa katika masuala ya khilafu na mijadala, na mji umejaa wanaotoa fatwa. Ghazali aliyaandika hayo zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Anayeishi Lindi leo atadhani ameandikiwa yeye.

Wala Waislamu wa zama za nyuma hawakukosa watu. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia (aliyefariki karibu na mwaka 404 Hijria) ameandika katika sehemu ya 30 ya kitabu chake al-Tasrif maelekezo kwa wakunga juu ya mtoto aliyekaa vibaya tumboni, akachora na vyombo. Ibn Abi Usaybi'a naye ametaja katika historia yake ya matabibu kwamba dada yake Abu Bakr Ibn Zuhr na binti wa dada huyo walikuwa wajuzi wa tiba, hasa tiba ya wanawake, na wao ndio waliokuwa wakiingia katika nyumba ya mtawala al-Mansur. Elimu hiyo ilikuwa ndani ya nyumba ya Ibn Zuhr, mama akimrithisha binti.

ELIMU HII KATIKA NYANDA ZETU

Tukirudi kwetu, baina ya mto Mbwemkuru na mto Lukuledi, Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde walikuwa na wakunga wao tangu zamani, na katika unyago msichana alifundishwa na kungwi mambo ya utu uzima. Mkunga wa jadi hakuwa mjinga kama baadhi ya watu wanavyodai. Alijifunza kwa kumfuata mama yake au bibi yake, akashika alichoshikishwa. Hiyo ilikuwa talaqqi ya kweli. Lakini ilikuwa na upungufu wake: mkunga hakuwa na dawa ya kuzuia damu, wala njia ya kumsaidia mwenye kifafa cha mimba, wala upasuaji pale mtoto anapokwama. Uzazi mwingi hupita salama kwa rehema za Allah. Mtihani wa ujuzi uko katika ule usiopita salama.

Uislamu ulienea sana barani baada ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, kwa mikono ya walimu wa madrasa na masheikh wa twarika. Walimu hao walituletea msahafu, maulidi na dhikri, Allah awalipe kheri. Tiba ya hospitali ilikuja kwa mlango mwingine. Waingereza wa misheni ya UMCA walikuwa Masasi tangu mwaka 1876, na Wabenediktini Wajerumani walifika Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, kisha Ndanda mwaka 1906.

Mwaka 1935 alifika daktari mpasuaji Mwingereza, Leader Stirling. Alifanya kazi Masasi na Lulindi chini ya UMCA, katika majengo ya udongo na nyasi. Mwaka 1949 alijiunga na Wakatoliki akahamia Mnero, Nachingwea, akakaa huko mpaka mwaka 1964. Akawa Mbunge, na kuanzia mwaka 1975 hadi 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Lililo muhimu kwetu ni kwamba alishughulika kuwafundisha wauguzi wenyeji, vijana wa vijiji hivi hivi, mpaka wakaweza kusimama pembeni yake wakati wa upasuaji na kuangalia wodi. Alifahamu kuwa daktari mmoja ni mtu mmoja, na siku akiondoka huondoka na mikono yake.

Katika miaka hiyo hiyo serikali ya kikoloni ilileta Nachingwea mradi mkubwa wa karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Yaliletwa matrekta, ikajengwa reli kutoka Mtwara, fedha nyingi zikamwagwa. Reli hiyo iling'olewa zamani. Linganisheni ndugu zangu: mitambo imeondoka, na mikono iliyofundishwa Lulindi na Mnero ilibaki ikafundisha wengine.

Waislamu wengi wa nyanda hizi walitibiwa katika hospitali hizo za misheni. Mama zetu walijifungulia humo, na wengi wetu tumepokewa na mikono ya watawa na wauguzi wasiokuwa wa dini yetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah, basi tunawashukuru kwa wema wao. Lakini shukurani haiondoi swali la Ghazali: sisi tulikuwa wapi? Imam Shafi'i (aliyefariki 204 Hijria) amepokewa akisikitika kwamba Waislamu wameipoteza tiba, nayo ni theluthi ya elimu, wakawaachia wengine. Kwetu sisi tulikuwa wagonjwa katika hospitali hizo, na wachache mno tulikuwa walimu ndani yake.

Baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilipeleka zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1987 ulifanyika Nairobi mkutano wa kimataifa juu ya uzazi salama, na nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, zikatoa mafunzo mafupi kwa wakunga wa jadi. Baadaye ikaonekana kuwa mafunzo ya siku chache bila ya dawa, vifaa na hospitali nyuma yake hayapunguzi vifo inavyotakiwa, na mkazo ukahamia kwa muuguzi mkunga aliyesomea. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeweka masharti ya kusajiliwa na kupata leseni. Ukiitazama kwa jicho la fiq'hi, sheria hiyo ni sura ya ile hadithi ya dhamana: asijitie katika kazi hii asiyejulikana kuwa anaijua.

Kwa fadhila za Allah hali imebadilika sana. Takwimu za kitaifa za mwaka 2015-16 zilionesha vifo 556 vya wazazi kwa kila watoto hai 100,000, na za mwaka 2022 zimeonesha 104. Katika mwaka huo wa 2022, wanawake 81 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya afya. Maana yake ni kwamba akina mama wameitikia wito, wamefika mlangoni. Sasa swali limehamia ndani ya chumba: je, mkono watakaoukuta unajua?

FUNZO KUTOKA HAYDOM

Hapa nchini kwetu kuna tukio linalosadikisha maneno ya Ibn Khaldun. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, mwaka 2010 watumishi walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua, kwa kutumia mwanasesere maalumu. Baada ya miezi saba wakapimwa. Mbele ya mwanasesere walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini katika chumba cha kujifungulia, kwa watoto wa kweli, utendaji wao haukubadilika. Walikuwa wamejua, na malaka hawajaipata.

Ndipo ikabadilishwa njia. Badala ya siku moja ndefu, yakawekwa mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pale pale wodini, na mazoezi ya dakika 40 kila mwezi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kisha njia hii, pamoja na vifaa bora vya kufundishia, ikapelekwa katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yanaonesha kuwa vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na katika wiki ya kwanza vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

Mwalimu wa Qur'ani halishangai hilo. Nani amehifadhi juzuu kwa kukaa siku moja kutwa? Muraja'a ya kila siku, hata kama ni robo ukurasa, ndiyo inayothibitisha. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu ingawa ni kidogo.

MASUALA MATATU YANAYOULIZWA

La kwanza: mwanafunzi anawezaje kutazama na kugusa uchi wa mwanamke kwa ajili ya kujifunza? Jibu ni kwamba mafukahaa wameruhusu kutazama na kugusa kwa haja ya tiba, kwa kiasi cha haja, na kanuni inasema dharura hupimwa kwa kipimo chake. Kwa kuwa hapatapatikana mkunga mjuzi bila ya kwanza kuwapo mwanafunzi, basi kujifunza kumeingia katika haja hiyo. Lakini kuna adabu zake. Aanze kwa mwanasesere mpaka mkono uzoee, ili asimfanye mama wa watu kuwa ubao wa kuandikia. Kisha afanye mbele ya mwalimu. Mama aombwe idhini, mlango ufungwe, asifunuliwe ila panapohitajika, na wasijazane wanafunzi wengi kumtazama mmoja. Na siri ya chumba kile ni amana.

La pili: mwanafunzi akidhuru, ni nani mdhamini? Akifanya alichofundishwa, akiwa ameruhusiwa, chini ya msimamizi aliyepo, basi anaingia katika hukumu ya aliyeruhusiwa. Akijitia peke yake katika asichokijua, hadithi imekwisha kumhukumu. Na msimamizi anayemwacha mwanafunzi peke yake na mzazi, yeye akaenda kulala, ajue kuwa amezembea amana na anayo sehemu yake mbele ya Allah.

La tatu: je, tumpeleke binti yetu chuo cha uuguzi kama kile cha Ndanda au cha Nyangao, vilivyoasisiwa na wasiokuwa Waislamu? Hikima ni kitu kilichompotea muumini. Mtume (S.A.W.) katika Hijra alimkodi Abdullah bin Urayqit kuwa kiongozi wa njia naye alikuwa bado mshirikina, kwa kuwa aliijua njia na alikuwa mwaminifu. Basi binti aende akiwa na dini yake, asharti sitara yake na Swala zake kwa adabu, na sisi tumfuatilie na kumsaidia. Bora zaidi ni tuanzishe vyuo vyetu. Lakini kungoja vyuo hivyo na huku akina mama wanakufa si uchamungu.

Na hapa niseme waziwazi. Wapo wanaume katika vijiji vyetu wanaogomba zahanati kwa sababu mke wake amezalishwa na muuguzi mwanamume. Ghera hiyo ina asili katika dini, kwani mwanamume hutangulizwa pale tu asipopatikana mwanamke mwenye uwezo. Lakini mwanamume huyo huyo, binti yake akifaulu masomo ya sayansi, humwoza kabla hajaanza chuo. Hawezi kuukataa mkono wa mwanamume, kisha akazuia mkono wa mwanamke usifundishwe. Mikono ni ya aina mbili tu, hakuna wa tatu.

HITIMISHO

Imepokewa katika hadithi ya Jabir bin Atik (R.A.) kwamba mwanamke anayefariki kwa uzazi ni shahidi. Ni bishara kubwa kwa aliyefiwa, na tunaisoma makaburini ili kuzituliza nyoyo. Lakini katika hadithi hiyo hiyo ametajwa pia aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo. Je, kuna mwanachuoni yeyote aliyesema kuwa kwa sababu aliyekufa maji ni shahidi, basi anayezama aachwe azame? Daraja ni lake yeye aliyefariki. Sisi tuliobaki tutaulizwa juu ya mkono tuliouzuia.

Na Allah (S.W.) ametubainishia katika Suratul Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Katika chumba cha kujifungulia nafsi zilizopo ni mbili.

Basi imamu wa kijiji aanze na lililo ndani ya uwezo wake. Khutba moja kwa mwaka ieleze fardhi kifaya hii. Madrasa itazame mabinti wenye akili ya sayansi, izungumze na wazazi wao mapema. Zaka na sadaka za msikiti zimlipie ada mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliye fukara, maana naye ni katika wanaostahiki. Na msikiti uliokusanya fedha za mnara, ujiulize kwanza ni msichana gani wa kijiji kile aliyekosa ada mwaka huu.

Tunamuomba Allah awarehemu mama zetu waliofariki katika uzazi, awanyooshee mikono wakunga wetu, na atupe katika vizazi vyetu wanawake wajuzi wachamungu.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiiq.